Mguu wa Kulia wa Dr. Lonnie Smith

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenzi wa muziki, asanteni kwa kufika. Santuri iko tayari mezani, na najua mmekuja kwa ajili yake. Hata hivyo naomba niseme kwanza, kwa sababu asiyejua kinachofanyika kwenye kinanda cha Hammond atasikia nusu tu ya albamu hii. Nami kwa muda mrefu niliisikia nusu.

Albamu inaitwa All in My Mind, na mpigaji wake ni Dr. Lonnie Smith. Ilirekodiwa mbele ya watu Julai 2017 katika kilabu cha Jazz Standard, jijini New York, siku alizokuwa akisherehekea kutimiza miaka 75. Kampuni ya kurekodi jazi ya Blue Note iliitoa 2018, halafu ikaichagua iingie katika mfululizo wa santuri unaoitwa Tone Poet, ulioanza 2019 kampuni hiyo ilipotimiza miaka 80. Wanaoufuatilia mfululizo huo wanajua jinsi unavyoheshimiwa. Msimamizi wake ni Joe Harley, mchongaji wa mifereji ya sauti kwenye sahani ni Kevin Gray, sahani zina uzito wa gramu 180, na majalada ni ya karatasi nene inayofunguka kama kitabu. Sehemu kubwa ya albamu zinazopewa matunzo hayo zilirekodiwa miaka ya 1950 na 1960, na vijana waliokuwa na nguvu zao zote. Halafu ghafla, katikati ya vijana wale, anaketi mzee wa miaka 75 mwenye kilemba na ndevu nyeupe, na albamu ambayo haijapata hata muda wa kushika vumbi.

Mtu anaweza kuuliza: anafanya nini pale? Mimi niliuliza. Nilipoisikia mara ya kwanza niliisikiliza kama mtu anavyomwamkia mzee kwa heshima huku akiwa na haraka ya kwenda zake. Nilijua jina lake kwa kazi za ujanani, nikadhani hii ni zawadi ya siku ya kuzaliwa iliyotiwa ndani ya jalada. Leo nasimama mbele yenu kusema kwamba nilikosea, na ningependa mjue nilikosea wapi.

Tuanze na chombo chenyewe. Laurens Hammond alikitoa kinanda chake cha kwanza huko Chicago mwaka 1935. Aina ya B-3, ambayo wapigaji wa jazi wameing'ang'ania hadi leo, ilianza kutengenezwa miaka ya 1950 na ikaachwa katikati ya miaka ya 1970. Ndani yake hamna bomba wala waya wa kugongwa. Kuna visahani 91 vya chuma vyenye meno pembezoni, vinazunguka muda wote mbele ya sumaku zilizozungushiwa nyaya, na kila kisahani kinazaa mtetemo wake mmoja wa umeme. Ukibonyeza kibao unafungua njia tu ili mitetemo iliyokuwa tayari inazunguka mle ndani itoke nje. Vijiti vya kuvuta vilivyo juu ya vibao ndivyo vinavyoamua mitetemo ipi ichanganywe na ipi, na kwa kiasi gani. Kisha sauti inaingia kwenye kabati la spika alilobuni Don Leslie, ambalo ndani yake kuna pembe inayozunguka. Pembe ikienda polepole sauti inapumua, ikienda kasi sauti inatetemeka kama mtu aliyeshikwa na kilio.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye kiini. Piano inajua umeigonga vipi. Ukiigusa kwa upole inanong'ona, ukiipiga kwa hasira inapaza sauti. Hammond haijui. Ubonyeze kibao kwa kidole cha mtoto au kwa ngumi, sauti itatoka kwa ukubwa uleule. Tena noti ya piano inaanza kufa mara tu inapozaliwa, lakini noti ya Hammond haifi. Itakaa pale, palepale, mpaka wewe mwenyewe uinue kidole. Kwa hiyo mpigaji wa kinanda hiki hapewi ukimya bure. Kila ukimya ni uamuzi wake.

Na upole je, unatoka wapi? Unatoka kwenye mguu wa kulia. Chini ya kinanda kuna kanyagio moja ya kupandisha na kushusha sauti, na mguu wa kulia unaishi juu yake. Mguu wa kushoto unapiga besi kwenye safu ya kanyagio 25, ukisaidiana na mkono wa kushoto. Mkono wa kulia unaimba. Ndiyo maana kundi la watu watatu kama hili halina mpiga besi: mpiga besi ni yuleyule mwenye kinanda. Basi mfikirieni mtu mmoja anayeendesha besi, anaitikia gitaa, anaimba wimbo, na wakati huohuo hisia zote za muziki huo, kunong'ona na kufoka, ameziweka chini ya soli ya kiatu kimoja.

Vijana wengi wakikalia chombo hiki hukanyaga. Ni nani asingekanyaga? Kuna raha kubwa ya kuujaza ukumbi kwa mguu mmoja. Tangu mpiga kinanda mwingine, Jimmy Smith, alipoanza kurekodi Blue Note mwaka 1956 na kubadilisha kila kitu, kinanda cha Hammond kimekuwa chombo cha kushangilia, cha kutoa watu jasho. Lonnie Smith pia alijua kushangilia. Mwaka 1967 alikuwa na miaka 24 alipopiga katika albamu ya Alligator Bogaloo ya mpiga saksafoni Lou Donaldson, pamoja na George Benson kwenye gitaa. Ule ulikuwa muziki wa kuchezwa, na ulichezwa. Blue Note ikampa mkataba, akatoa Think! mwaka 1968, zikafuata Turning Point na nyinginezo hadi Drives ya mwaka 1970. Kutoka kwenye albamu hiyo ya mwisho kundi la A Tribe Called Quest lilichota kipande likakitia katika wimbo wao wa hip hop miaka ishirini baadaye, na vijana wengi wakamcheza bila kujua ni yeye.

Nazipenda albamu hizo. Lakini nitasema ninaloliamini, na anayepinga anipinge tukimaliza: hakuna hata moja kati ya hizo inayonifanyia kile inachonifanyia hii ya uzeeni. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Ukoko ndio ulioshika moto muda mrefu kuliko chakula kingine chote, na anayeutaka hana budi kukwangua.

Hebu niwarudishe mwanzo wa maisha yake, maana kuna kisa alichokisimulia mara nyingi na kinanisaidia kuelewa mguu ule. Alizaliwa Julai 3, 1942 huko Lackawanna, jirani na Buffalo, katika jimbo la New York. Nyumbani aliimbiwa na mama yake, aliyempa nyimbo za injili, bluzi na jazi. Hakuwa na chombo. Akawa anakwenda kila siku kwenye duka la vyombo vya muziki la Buffalo lililokuwa la Art Kubera, anakaa tu mpaka duka lifungwe. Siku moja Kubera akamuuliza kwa nini anakaa pale kila siku. Kijana akajibu kwamba angekuwa na chombo angeweza kufanya kazi, na akipata kazi ataweza kuishi. Kukapita siku. Kisha Kubera akampeleka mahali palipokuwa na kinanda cha Hammond, akamwambia ukiweza kukitoa hapa, ni chako.

Kinanda kile ni mzigo wa zaidi ya kilo 180. Kukitoa hapa, basi, halikuwa neno jepesi. Lakini akakitoa. Akajifunza mwenyewe, na haikupita miaka mingi akawa yuko kazini na George Benson. Hadi uzeeni alipomtaja Kubera alimwita malaika wake. Mimi nikikitazama kisa hiki sioni ukarimu wa mwenye duka peke yake, ingawa ulikuwa mkubwa. Namwona kijana aliyeweza kukaa. Alikaa siku nyingi mahali penye vyombo asivyoweza kuvinunua, akingoja, bila kupiga kelele. Yule kijana ndiye ninayemsikia kwenye santuri hii miaka zaidi ya hamsini baadaye.

Baada ya 1970 mambo hayakuwa mepesi kwa kinanda. Vinanda vipya vya umeme vikaja, vyepesi, vya kubebwa kwapani, na Hammond yenyewe ikaacha kuitengeneza B-3. Smith akarekodi hapa na pale kwa kampuni ndogo ndogo. Katika miaka ya 1990 alipiga muziki wa Jimi Hendrix pamoja na mpiga gitaa John Abercrombie. Mwaka 2003 akapiga albamu nzima ya nyimbo za Beck, mwanamuziki wa roki. Ni mtu aliyekuwa na masikio ya kila mahali. Mwaka 2012 akaanzisha lebo yake mwenyewe, akaiita Pilgrimage, yaani hija. Ule udaktari, kwa wanaojiuliza, hakuupata chuoni. Ni jina lililomkaa, na nadhani hakuna aliyeona sababu ya kumvua.

Kisha mwaka 2016 akarudi Blue Note, baada ya takriban miaka 45, na albamu ya Evolution iliyotayarishwa na Don Was, rais wa kampuni hiyo ambaye naye ni mpiga besi. Mapema 2017 akatunukiwa heshima ya Jazz Master na mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani, ambayo kwa mwanajazi wa nchi ile ndiyo kubwa kuliko zote. Miezi michache baadaye wakaweka maikrofoni Jazz Standard.

Kiini cha kundi kilikuwa watu watatu. Jonathan Kreisberg kwenye gitaa, Johnathan Blake kwenye ngoma, na mzee. Wameanza na JuJu ya mpiga saksafoni Wayne Shorter, wimbo ambao Shorter aliurekodi Blue Note 1964. Baadaye wanauchukua wimbo wa mwimbaji Paul Simon wa mwaka 1975 kuhusu njia hamsini za kumwacha mpenzi. Wimbo ule mpaka leo watu wanaukumbuka kwa mdundo wa ngoma aliouweka Steve Gadd, kama gwaride dogo la mtu mmoja. Kuugusa ni kujitia kwenye mtihani, na anayefanyishwa mtihani ni mpiga ngoma. Msikilizeni mpiga ngoma. Halafu sikilizeni mzee anavyomwachia nafasi, maana mwenye kinanda angeweza kufunika kila kitu kwa kukanyaga kidogo tu.

Hapo ndipo nilipokuwa nimekosea. Nilikuwa nangoja azidishe, kwa sababu kinanda hiki kilinifunza kungoja kuzidishwa. Sauti iliposhuka nilidhani anapumzika, mzee amechoka, waacheni vijana wafanye kazi. Sikuelewa kwamba kwenye Hammond kushuka ni kazi kuliko kupanda. Mguu unaposhusha sauti, mkono wa kushoto hauna ruhusa ya kulegea, besi haina ruhusa ya kuyumba, na mpigo lazima ubaki uleule wakati ukumbi unazidi kuwa kimya na kila kosa linazidi kuwa uchi. Anashusha mpaka unasikia vibao vyenyewe vikigusana, ule mlio mdogo wa tiki unaotokea kibao kinapofunga umeme, mlio ambao Hammond na wahandisi wake waliuona ni kasoro na wapigaji wa jazi wakaukumbatia. Anakaa huko chini. Anakaa tena. Na pale unapoanza kuegemea mbele ili usikie, ndipo mguu unapoanza kupanda, polepole kama maji yanavyojaa, na pembe ya Leslie inashika kasi, na ghafla unajikuta umesimama hujui ulisimama lini. Ninasema yaliyonipata. Nilikuwa peke yangu chumbani, nimesimama.

Mwenye miaka 25 anaweza kuwa na vidole hivyo. Sidhani anaweza kuwa na subira hiyo. Wako wanaosema mwanamuziki akizeeka anapiga noti chache kwa sababu vidole vimechoka, na mara nyingine ni kweli. Kwa huyu sikubali. Noti chache za Smith zimepangwa na mtu anayejua kila noti itakaa pale mpaka yeye mwenyewe aiondoe.

Sasa kwa nini santuri? Muziki huu upo kwenye simu zenu, na sitawadanganya kwamba plastiki nyeusi inaongeza sauti ambayo haikuwapo siku ile ukumbini. Haiongezi. Santuri ina mipaka yake, na kwa kinanda mipaka hiyo ni migumu. Besi nene inahitaji mfereji mpana, na mfereji mpana unakula nafasi. Sahani inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika; ukingoni mwa sahani sindano inapita karibu sentimita 50 za mfereji kwa sekunde moja, lakini karibu na katikati sekunde hiyohiyo inabanwa ndani ya sentimita 21 hivi. Yaani wimbo wa mwisho wa kila upande unapewa chini ya nusu ya nafasi uliyopewa wimbo wa kwanza. Mchongaji anayekata kinanda cha Hammond kwenye sahani anapimana na mguu wa kushoto wa mpigaji tangu mwanzo hadi mwisho: akiipa besi kila inachotaka, upande hautoshi, akiinyima, kinanda kinakuwa chepesi kama kisanduku. Kwa muziki unaoshuka hadi kunong'ona kuna shida nyingine, kwa sababu sauti ikishuka, mchakacho wa sahani yenyewe unajitokeza. Hapo ndipo kazi ya Kevin Gray na ubora wa sahani iliyo kimya vinapokuwa na maana. Sahani mbovu ingemnyang'anya Smith dakika zake bora kabisa.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyepesi zaidi. Santuri haikubali haraka. Huwezi kuruka sehemu ya kunong'ona kwa kidole gumba kwa sababu hakuna kinachotokea. Unaketi, kama kijana wa duka la Kubera alivyoketi, na upande unajichezea mpaka uishe, halafu unainuka kuugeuza. Muziki uliojengwa juu ya kungoja umepata chombo kinachomngojesha msikilizaji.

Na kuna suala la heshima ya rafu. Kuiweka albamu ya 2018 ndani ya mfululizo uleule, kwa jalada la ubora uleule na mchongaji yuleyule anayezishughulikia kazi za miaka ya 1960, ni kusema kwamba huyu mzee anapimwa kwa mizani ya vijana wale, wala hapewi alama za huruma. Joe Harley na wenzake walisema hivyo kwa vitendo, nami nawashukuru. Natamani wafanye hivyo kwa wengi zaidi. Tumewazoesha wanamuziki wetu wa zamani kuombwa kazi za ujanani mwao mpaka siku ya mwisho, huku wao wanapanda jukwaani na jambo jipya mkononi.

Yaliyofuata mnayajua baadhi yenu. Jazz Standard ilifungwa moja kwa moja Desemba 2020, wakati wa janga la korona, hivyo ukumbi mtakaousikia, vile vicheko na makofi yake, hauko tena. Machi 2021 ikatoka Breathe, nyingi ya nyimbo zake zikiwa zimetoka kwenye usiku zilezile za Julai 2017, na mbili za studio ambazo mwimbaji wa roki Iggy Pop ameimba. Septemba 28, 2021 Dr. Lonnie Smith akafariki huko Florida kwa ugonjwa wa mapafu. Alikuwa na miaka 79. Lou Donaldson, aliyemtambulisha Blue Note akiwa kijana, alimzidi kuishi na kufariki 2024, akiwa na miaka 98.

Nimesema vya kutosha. Naomba taa zipunguzwe kidogo, na mwenye simu aizime. Wimbo wa kwanza ni ule wa Shorter. Msiutafute mkono wa kulia, huo utawafikia wenyewe. Mkisikia sauti inashuka msikohoe na msizungumze na jirani. Sikilizeni chini, kwenye kanyagio, mhesabu muda anaokaa kabla ya kurudi. Sindano inashuka sasa.